Madoa usoni, tumbo la baada ya uzazi na ile ofa ya kufanya vyote kwa mkupuo: uanze na kipi?

Dada yangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na kabla sijajibu naomba niuweke hapa kwa ufupi ili na wenzako wenye hali kama yako wafuate vizuri. Una miaka 37, watoto watatu, wa mwisho ulijifungua kwa opereshen na sasa anakaribia miaka miwili, ameshaacha ziwa. Mashavuni na juu ya mdomo una madoa ya kahawia tangu mimba ya pili. Unapaka krimu ya kuchanganya uliyouziwa na dada wa vipodozi, mwanzoni ilikung'arisha vizuri tu ila sasa ukiiacha wiki moja uso unawaka moto na madoa yanarudi meusi kuliko yalivyokuwa. Unameza vidonge vya uzazi wa mpango. Tumbo limelegea limening'inia juu ya mshono, umefanya sana mazoezi na halijarudi, na kuna kliniki imekupa ofa ya kukata tumbo (kuondoa ngozi iliyozidi na kushona misuli), kunyonya mafuta ya mgongoni na kuyahamishia makalioni, halafu juu yake uwekewe dripu za kung'arisha ngozi, vyote kwa mkupuo mmoja. Unataka kujua uanze na kipi. Halafu chini kabisa, kama vile unaongezea tu, ukaandika kwamba Mungu akijalia mwakani mngependa kupata wa nne.

Hiyo sentensi ya chini kabisa ndo imebeba jibu lote. Ungeianza nayo ungeniokolea kusoma yaliyobaki.

Kama wa nne yupo kwenye mipango, tumbo lisikatwe sasa hivi. Sio kwamba ukishakatwa tumbo huwezi kubeba mimba, wanawake wanabeba na wanajifungua salama, ila ile misuli tuliyoishona inavutwa upya, ngozi tuliyoikaza inatanuka upya, na unajikuta umerudi palepale ulipoanzia ila safari hii una kovu la kutoka nyonga hadi nyonga. Hakuna daktari anayekutakia mema atakayekupasua mwaka huu akijua unapanga mimba mwakani, na kama hiyo kliniki hata swali la "umeshamaliza kuzaa?" hawakukuuliza, basi kwangu mimi hilo peke yake linatosha kutokwenda huko.

Na sentensi hiyohiyo inabadilisha hata krimu zako za usoni. Kwahiyo tunaanza na uso.

Krimu kwanza. Krimu inayong'arisha haraka halafu ukiiacha uso unawaka na kuwasha, mara nyingi sana ndani yake mna steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, dawa ambazo zipo kihalali kabisa kwa ajili ya magonjwa ya ngozi lakini hazikutengenezwa zipakwe usoni miezi na miezi. Simama karibu na dirisha mchana, shika kioo, angalia mashavu yako: ukiona vimishipa vyekundu vyembamba ambavyo zamani havikuwepo, vipele vidogovidogo kuzunguka mdomo, vinyweleo vimeongezeka pembeni mwa uso, ngozi inang'aa kama imevutwa, hiyo ni kazi ya steroidi. Kama umeipaka kwa muda mrefu usiikate ghafla peke yako ukabaki unateseka, nenda kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kuipunguza, na kopo lenyewe nenda nalo hata kama halina lebo, usiende kumsimulia tu kwamba ilikuwa krimu nyeupe.

La pili la kukagua ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zebaki kuzidi sehemu 1 kwa milioni viwe vimeondolewa sokoni ifikapo 2020, ila bado vipo vinazunguka. Ukiona kwenye kopo neno "calomel" au "mercurio", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, achana nayo siku hiyohiyo. Krimu ya uso ina ugomvi gani na pete? Ni kwasababu zebaki inashambulia madini hayo. Zebaki inapenya kwenye ngozi inaenda kuharibu figo, na haiishii kwako tu, inabaki kwenye mto na taulo, mtoto anakulalia shavuni na yeye anapata, na kwa mwenye mimba inamfikia hadi aliye tumboni. Wewe unayetafuta mimba hili usilichukulie mzaha. Kama kuna wasiwasi wowote omba kipimo cha mkojo, zebaki inaonekana humo, na wakuangalie na figo.

Halafu vidonge vyako. Madoa ya aina hii, melasma, yanachochewa na vitu viwili vikubwa: homoni na mwanga. Mimba ilikuletea, na kama vidonge vyako ni vile vyenye homoni ya estrojeni basi vinaendelea kuyachochea kila siku, manake unapaka dawa kwa juu huku unayalisha kwa ndani. Ongea na mtoa huduma wako wa uzazi kuhusu kubadili uende kwenye njia isiyo na estrojeni, kitanzi cha shaba kwa mfano, ambacho kikitolewa uwezo wa kushika mimba unarudi mapema tu. Usiache vidonge kienyeji ukaja kupata mimba kabla hujajipanga. Na ushike hili la estrojeni, tutakutana nalo tena kwenye opereshen.

Mwanga ndo sehemu ambayo wanawake wengi mnapuuzia, hasa sisi wenye ngozi nyeusi tulioaminishwa kwamba sanskrini, krimu ya kukinga jua, ni ya wazungu. Ni kweli melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga kiasi na kuungua, lakini melasma haihitaji uungue. Ile miale ya jua ya UVA inapita hadi kwenye kioo cha dirisha, na mwanga wa kawaida tu huu tunaoonea unatosha kuamsha madoa kwenye ngozi yenye rangi. Kwahiyo sanskrini yako iwe SPF (namba ya nguvu ya kinga kwenye kopo) 30 kwenda juu, yenye kinga ya UVA, na iwe na rangirangi kama faundesheni, kwasababu ile rangi inatokana na oksidi za chuma ambazo ndizo zinazuia huo mwanga wa kawaida, sanskrini nyeupe isiyo na rangi haifanyi hiyo kazi vizuri. Kipimo: chora mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia mwanzo wa kidole mpaka ncha, hicho ndo cha uso na shingo. Watu wanapaka tone la ukubwa wa harage halafu wanasema sanskrini haifanyi kazi. Ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili.

Dawa yako wewe ni krimu ya asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20, asubuhi na usiku. Nimeichagua hiyo kwasababu hata ukishika mimba katikati ya matibabu kwa kawaida unaruhusiwa kuendelea nayo, ila mwambie daktari wako. Wiki za mwanzo inachomachoma na kuwasha kidogo, basi anza siku moja kuruka moja, paka losheni ya kawaida isiyo na harufu kabla yake. Unaweza kuongeza niasinamaidi, aina ya vitamini B3 ya kupaka, asilimia 4 au 5. Matokeo uyategemee baada ya miezi mitatu mpaka sita, najua utaniona nakuchelewesha ukilinganisha na krimu iliyokung'arisha chapchap, ndo hivyo.

Utasikia pia habari za tretinoini na haidrokwinoni. Ni dawa nzuri zikiwa mkononi mwa anayezijua, mchanganyiko wa hizo mbili na steroidi kidogo umetumika tangu 1975 na bado madaktari wa ngozi wanautumia, kwa miezi michache na kwa usimamizi. Ila tretinoini na mimba haviendi pamoja, haidrokwinoni nayo tunaiepuka, kwahiyo kwako hazifai. Na haidrokwinoni ikipakwa miaka bila kupumzika inaleta weusi wa samawati mashavuni ambao kuutoa ni kazi kweli kweli. Marekani mwaka 2020 waliiondoa kwenye dawa za kununua bila cheti.

Leza na pilingi (kubandua ngozi ya juu kwa dawa)? Baadaye sana, na labda usihitaji. Melasma ikichomwa na leza isiyofaa inarudi nyeusi zaidi, na ngozi nyeusi ndo inaungua kirahisi kwasababu mashine inatafuta rangi na sisi rangi tunayo ngozi nzima. Mtu akitaka kukupiga leza muulize mashine ni ya aina gani na ameshawafanyia wangapi wenye rangi kama yako, akianza kuzunguka ondoka.

Dripu za glutathioni, ndizo hizo za kung'arisha ngozi, usiweke. Hapa sina maneno mengi. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijawahi kuidhinisha sindano hizo kwa kung'arisha ngozi, na ile ya Ufilipino, nchi ambayo dripu hizi zimeshika sana, imetoa onyo kuhusu madhara ya ini, figo, mishipa ya fahamu na ngozi kubabuka vibaya. Na madoa ya melasma hayalengwi na dripu hata kidogo, unaambiwa mwili mzima utang'aa lakini doa linabaki doa.

Sasa tumbo. Hata kama halikatwi leo ni vizuri ujue lina nini, manake "tumbo kubwa" ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja na dawa yake.

Lala chali kitandani, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Weka ncha za vidole viwili au vitatu juu kidogo ya kitovu vikielekea chini, halafu inua kichwa na mabega kidogo kama unataka kuangalia vidole vya miguu. Ukisikia kingo mbili za msuli zinabana vidole vyako kutoka pembeni, sawa. Ukisikia vidole zaidi ya viwili vinazama katikati au ukaona tumbo linatokeza mgongo kama wa samaki pale kati, misuli yako ya mbele imeachana. Inatokea kwenye mimba na kwa wengi inajirudi yenyewe miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwako miaka miwili imepita kwahiyo kilichobaki hakitajirudi chenyewe. Hapo mtafute mtaalamu wa mazoezi ya tiba akufundishe kukaza misuli ya ndani ya tumbo na ya nyonga, yale mazoezi ya kujikunja kwa nguvu uliyoyafanya yanaweza hata kuwa yanasukuma tumbo nje zaidi. Hilo anza sasa, litakusaidia mgongo na litakusaidia kwenye mimba ijayo.

Kisha simama, shika mkunjo wa tumbo kwa vidole. Kama unashika kitu kinene kimejaa, hayo ni mafuta ya chini ya ngozi. Kama unashika ngozi nyembamba laini inayokunjikakunjika na michirizi, hiyo ni ngozi iliyozidi, hakuna krimu wala mkanda wala mashine ya baridi itakayoirudisha. Na kama tumbo limetokeza lakini hushiki kitu, mafuta yapo ndani kuzunguka utumbo, huko mrija wa kunyonya mafuta haufiki, ni mlo na mwendo tu.

Wewe kwa ulivyojieleza ni ngozi na misuli. Ndo maana kunyonya mafuta peke yake kusingekusaidia, ni sawa na kutoa sufi kwenye mto ambao foronya yake imeshalegea, utabaki na mikunjo zaidi.

Siku mkishamaliza kuzaa, na imepita angalau miezi sita tangu kujifungua na kuachisha ziwa, na uzito umetulia, hapo uje tuongee kuhusu kukata tumbo. Ujue ni opereshen kubwa, tusiifanye ndogo kwa maneno matamu. Unawekwa nusu kaputi, tunapasua chini kabisa, mara nyingi kwa kupitia na kuuondoa mshono wako wa uzazi, tunainua ngozi mpaka karibu na mbavu, tunashona misuli ikutane katikati, tunavuta ngozi chini, iliyozidi tunaikata, na kitovu kinatobolewa tundu jipya kwasababu chenyewe kinabaki pale pale kilipo. Saa mbili hadi nne hivi. Unaamka na mipira ya kutoa majimaji, wiki ya kwanza unatembea umeinama, wiki sita hubebi kitu kizito, na mtoto wa miaka miwili ni kitu kizito, kwahiyo nani atakuwepo nyumbani ni swali la kitabibu, sio la kifamilia tu. Chini ya kitovu patakuwa na ganzi kwa miezi. Kovu linachukua mwaka mpaka mwaka na nusu kutulia.

Kuhusu kovu, huna haja ya kubahatisha, ushahidi unao mwenyewe: angalia mshono wako wa uzazi. Kama umekaa kamstari kembamba bapa, dalili ni nzuri. Kama umevimba lakini haujatoka nje ya mstari wake, tunaweza kuudhibiti kwa plasta za silikoni na sindano. Kama umeota ukavuka mipaka ya kidonda, unawasha, unaendelea kukua, hiyo ni kiloidi, hapo tunakaa chini kwa makini sana maana utakuwa unabadilisha tumbo lililolegea kwa kovu nene la nyonga hadi nyonga, na wengine wakiambiwa hivyo wanaghairi kabisa, nawaelewa.

Na ile kuchanganya na makalio. Kuhamisha mafuta kwenda makalioni ndo opereshen ya urembo iliyokuja kujulikana kwa vifo. Uchunguzi wa madaktari wa upasuaji uliotolewa 2017 ulikadiria kifo kimoja kwa karibu kila opereshen 3,000, ambayo kwa kitu cha urembo ni nyingi mno. Chanzo kinajulikana: mrija ukizama ndani ya msuli wa kalio mafuta yanaingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyopo huko, yanakwenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufia mezani. Siku hizi maelekezo ni mafuta yabaki juu ya msuli tu, na jimbo la Florida mwaka 2022 likafika mahali pa kumzuia daktari kufanya zaidi ya tatu kwa siku na kumtaka atumie ultrasaundi kuona mrija uko wapi. Sasa kliniki inayokupangia tumbo, mgongo na makalio kwa mkupuo, saa nyingi mezani, halafu baadaye tumbo linataka ulale chali na makalio yanataka usiyakalie wala kuyalalia, hebu niambie utalalaje?

Opereshen ndefu pia inaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kipande kukimbilia mapafuni. Hapo ndo estrojeni inarudi: vile vidonge vyako, kama vina estrojeni, vinaongeza hatari hiyohiyo, na kwa opereshen kubwa kwa kawaida tunataka viwe vimesimama wiki nne kabla. Na ile krimu yako ya steroidi nayo inarudi. Ukiwa umeipaka sana mwili mzima, mwili unaweza kuzembea kutengeneza homoni yake ya kukabili mshtuko, na kidonda kwenye ngozi iliyokonda kinapona vibaya. Mtu wa nusu kaputi lazima aambiwe. Wengi mnaona aibu kusema mmekuwa mnajichubua, jamani mwambieni, kazi yake ni kukuamsha. Sigara na shisha ziwe zimeachwa wiki nne kabla na wiki nne baada, na damu yako ipimwe wingi mapema, mama wa watoto watatu mara nyingi damu iko chini na hajui.

Siku utakapokwenda kumuona mpasuaji muulize anayenilaza ni daktari wa usingizi au ni nani, nikipatwa na tatizo usiku napiga simu kwa nani na napelekwa wapi, na nionyeshe picha za makovu ya wenye ngozi kama yangu baada ya mwaka mzima, maana picha za wiki ya pili kila mtu anapendeza. Halafu usikubali kulipia siku hiyohiyo ya kuonana mara ya kwanza, hata kama ofa inaisha saa sita usiku.

Ulichomekea na mistari ya katikati ya nyusi: Botox, sindano ya kulegeza misuli, inafanya kazi hapo, iliidhinishwa Marekani kwa mistari hiyo tangu 2002, inashika baada ya siku chache na kuisha baada ya miezi mitatu au minne, lakini kwa anayetafuta mimba hatuichomi, isubiri. Michirizi ya tumboni isiyo na wekundu tena haifutiki kwa mafuta ya aina yoyote, iliyo chini ya kitovu mingi itaondoka na ngozi siku ukikatwa tumbo, ya juu ya kitovu itashuka tu chini kidogo.